Andiko letu lina alizeti, sisi tunalima mwani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanane tunaolima mwani mwambao wa Tanga. Ukatibu nilipewa kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, basi kila karatasi inayoingia kikundini huishia mapajani mwangu.

Mwezi wa tatu tuliomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi. Tukaambiwa tulete katiba, cheti cha utambulisho wa kikundi, muhtasari wa kikao, namba za NIDA za wanachama, akaunti ya benki na andiko la mradi. Vingine tulihangaika tukavipata. Andiko ndilo lililotushinda. Kijana mmoja wa steshenari mjini akasema kazi hiyo anaiweza, kwa shilingi 80,000. Tukachanga elfu kumi kumi. Baada ya siku mbili akatukabidhi kitabu cha kurasa 22, kina jalada la plastiki na picha ya jua linachomoza. Mwenyekiti alikipima mkononi, akasema hiki kizito, hiki kitapita.

Kimerudishwa. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mtiririko wa marejesho hauonekani. Ambatisha ankara kifani. Ukurasa wa 9?" Nikaufungua huo ukurasa wa 9. Pameandikwa kwamba kikundi chetu kimechagua eneo hili kwa sababu udongo wake unafaa kwa alizeti na mvua zake ni za msimu mmoja. Shangazi, sisi tunalima baharini.

Kiasi tulichoomba ni milioni kumi. Sisi hatukukitaja, kijana alisema ndicho huwa wanatoa. Mavuno yetu mazuri ya mwisho tulipata kilo 640 kavu kwa wote wanane, tukauza kilo shilingi 900. Benki tuna akiba ya 310,000.

Sasa binamu wa mwenzetu aliyeko Dar ametuletea tangazo la ruzuku la shirika moja. Nimelisoma mara tano. Wanataka "andiko dhana lisilozidi kurasa tatu", "bangokitita", "viashiria vinavyopimika", "hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili" na "uzoefu wa kusimamia fedha za wafadhili". Mwenyekiti anasema tuchukue lile la alizeti, tubadilishe jina, tulipeleke huko. Wengine wanasema tumrudie kijana aandike jingine. Na kuna mwenzetu ameletewa ujumbe WhatsApp kwamba kikundi chetu kimepita kwenye ruzuku ya Ulaya, tutume 150,000 za kuchakata faili.

Niambie Shangazi, karatasi hizi zinataka nini hasa? Na mtu wa elimu yangu anaweza kuandika andiko likapita?

Katibu aliyechoka

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na la WhatsApp maana lina haraka. Msitume hata senti. Hamjaomba, mmepitaje? Anayegawa ruzuku hamwambii anayepewa atangulize pesa, na "faili linachakatwa" ni kauli ya matapeli tangu enzi za barua za posta. Mwambie mwenzenu aifute hiyo namba, na asimpe mtu yeyote nakala za vitambulisho vyenu.

Sasa tuje kwenye alizeti. Nimecheka, usinikasirikie. Kabla sijaanza kujibu barua nilikaa kwenye meza ya maendeleo ya jamii miaka kumi na mmoja, na maandiko ya namna hiyo nimeyaona mengi. Nimesoma kuku wa mayai waliofugwa na kikundi cha wasusi. Nimesoma "wakazi wa Singida" kwenye andiko la kijiji ambacho watu wake wanavua pweza. Hawa vijana wa steshenari wana faili moja, wanafuta jina la kikundi na kuweka jingine, na palipojificha jina la zamani hapo ndipo panapowaumbua. Ukurasa wa 9 ndio uliowatia aibu, lakini ningekuwa mimi ndiye niliyeshika ile kalamu nyekundu, hata udongo ungekuwa wa baharini ningelirudisha tu. Maneno yaliyowaangusha ni yale ya kwanza: mtiririko wa marejesho hauonekani.

Hebu kifungue tena hicho kitabu. Sina shaka utakuta "kuwajengea uwezo wanawake", "kuondoa umaskini wa kipato", "uhamasishaji", "walengwa wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja". Hiyo ni lugha ya ruzuku. Nyinyi mmeomba mkopo. Anayetoa mkopo ana swali moja linalomnyima usingizi: pesa yangu itarudi vipi? Anayetoa ruzuku hategemei pesa irudi, yeye anauliza: pesa yangu ikishakwisha, itakuwa imeacha nini? Mkimjibu wa kwanza kwa majibu ya wa pili, hata mwandike kurasa mia, atafika mwisho bado anauliza. Kwa mkopo, kinachotakiwa hasa ni mchanganuo wa biashara, japo watu wote, na maofisa wenyewe wamo, wanauita "andiko". Jina moja kwa vitu viwili, ndipo vikundi vinapopotelea.

Na ujue pesa mnayoiomba imetoka wapi, itakusaidia kuandika. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, iliongezewa kifungu cha 37A kinachozitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa soko, ni leseni, ni ushuru wa mazao na wa samaki pale mwaloni. Mama anayelipa ushuru wa meza yake ya mihogo kachangia. Mkopo hauna riba, na kwa sababu hauna riba watu waliuchukulia kama zawadi. Marejesho yakasuasua, vikundi hewa vikazaliwa, na Aprili 2023 Serikali ikausimamisha ili utaratibu upangwe upya. Ulirudi 2024. Kwa hiyo anayesoma karatasi zenu leo ni mtu aliyeungua na uji, anapuliza hata maziwa ya mgando. Kila karatasi aliyowaomba ina kisa nyuma yake.

Chukua muhtasari wa kikao. Mnadhani ni urasimu tu. Niliwahi kwenda kufuatilia deni la kikundi kimoja, nikawakuta wanachama sita barazani, wote wananiambia hawajawahi kusikia kwamba kuna mkopo. Mwenyekiti alichukua, akajenga. Tangu siku hiyo muhtasari niliusoma kabla ya andiko. Natazama: tarehe, waliohudhuria kwa majina na sahihi zao wenyewe, ajenda ya kuomba mkopo, kiasi gani, kwa ajili ya nini, nani aliuliza nini. Muhtasari usio na mtu aliyeuliza swali hunipa mashaka, akina mama wanane wakae wazungumze pesa, asiwepo hata mmoja wa kusema "tukishindwa je?" Andika na hilo swali, na mlivyolijibu. Katiba nayo msiweke tu kabatini. Tafuta humo kuna kifungu gani juu ya mwanachama anayeondoka akiwa na deni. Kama hakipo, kaeni mkiongeze kabla ya kuomba tena.

Tuje kwenye hesabu, na hapa nitakaa kidogo.

Kilo 640 kwa shilingi 900 ni 576,000. Mwani mnaukalia kama wiki sita tangu kufunga hadi kuvuna, maana yake mkiuvuna bila kukosa mnaingiza takriban 384,000 kwa mwezi, kikundi kizima, kabla hamjatoa nauli wala magunia. Milioni kumi mkipewa miaka miwili ya kulipa, kila mwezi mtadaiwa 416,667. Umeona? Rejesho ni kubwa kuliko mapato yenu yote. Mngefunga duka la maisha yenu, msile, msivae, watoto wasiende shule, na bado mngekuwa mnadaiwa. Huyo aliyerudisha karatasi kawatendea hisani, mkikutana naye msimnunie.

Sasa kaa na wenzio muulizane upya, mkianzia chini kwenda juu. Msianze na "wanatoa ngapi". Anzeni na kamba mnazofungia mwani. Mna kamba ngapi sasa, mna nguvu za kuhudumia ngapi zaidi kwenye bamvua moja, yale maji yanayojaa na kupwa sana? Maana kazi yenu inakwenda na maji: yakiwa mafu, hayapwi sana, hamshuki, yakiwa bamvua mna siku chache tu za kufunga, kusafisha na kuvuna. Hilo halimo kwenye andiko la alizeti na ndilo lenye uzito kuliko kurasa zote 22, kwa sababu linaonyesha kikomo chenu. Mtu akiniambia "tuna kamba hizi, mikono minane, bamvua mbili kwa mwezi, hivyo tukiongeza kamba kadhaa ndiyo mwisho wetu", huyo namwamini kabla sijamaliza ukurasa.

Nikupe mfano kwa namba za kubuni, nyinyi mtaweka zenu. Tuseme mnaweza kuongeza mavuno kutoka kilo 640 hadi 1,040. Zimeongezeka 400, kwa 900 ni 360,000. Toa 60,000 za magunia, taitai (vile vijikamba vya kufungia mbegu) na kubeba, zinabaki 300,000 kwa kila mavuno. Msihesabu mavuno manane kwa mwaka, ingawa wiki zinaruhusu. Masika mwani haukauki, unaoza vichanjani. Miezi ya joto kali nayo maji ya kina kifupi yanauchoma, na kama mna kotonii, ile aina ya mwani mnene, mnajua inavyokatikakatika. Hesabuni mavuno matano. Matano mara 300,000 ni 1,500,000 kwa mwaka, yaani 125,000 kwa mwezi. Mkiomba 2,400,000 za kamba, mbegu na vichanja vya kuanikia, mkalipa kwa miezi 24, ni 100,000 kila mwezi. Zinabaki 25,000 za kukaa pembeni kwa siku ya dhoruba, na ile 640 ya mwanzo haijaguswa, inaendelea kuwalisha. Huo ndio mtiririko wa marejesho. Kwenye karatasi ni jedwali tu: mwezi, kitakachoingia, kitakachotoka, rejesho, kinachobaki. Mwezi wa masika uandike sifuri palipo sifuri. Usione haya. Jedwali ambalo kila mwezi unafanana na mwenzake linamwambia msomaji kwamba limetungwa chumbani na mtu asiyejua bahari.

Ila kuna mtego: rejesho ni la kila mwezi, mavuno mliyohesabu ni matano tu kwa mwaka. Kwa hiyo mkishavuna, tengeni kabisa rejesho la miezi miwili na nusu, liende benki, lisilale nyumbani kwa mhazini. Liandikeni hili kwenye mchanganuo. Ile akiba yenu ya 310,000 itajeni pia, karibu na mwanzo. Wewe umeiweka mwishoni mwa aya kana kwamba ni jambo la kuomba radhi, kumbe ndicho kitu kizuri kuliko vyote mlivyo navyo: watu wanane wameweka pesa pamoja na hawajagombana.

Ankara kifani isikupe homa. Ndiyo ile profoma. Unakwenda dukani, unasema nataka kamba za aina fulani, rola kadhaa, niandikie bei kwa jina la kikundi. Muuzaji anaandika, anapiga muhuri, hujalipa chochote. Chukueni za maduka matatu, ili aliyeko ofisini aone kwamba bei ya kamba hamkuiota. Bei za kwenye ankara zifanane na za kwenye bajeti, shilingi kwa shilingi. Nimewahi kuona ankara inasema 38,000 na bajeti inasema 55,000. Wenyewe walisema waliweka "ya usafiri". Basi iandikwe usafiri, kwenye mstari wake! Na neno dogo la pembeni: kwenye bajeti vigingi visiwe vya mikoko. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, na nyinyi mtakuwa mmelikiri kwa maandishi na kuligongea muhuri.

Urefu? Kurasa tano au sita zinatosha. Nani nyinyi na mmelima tangu lini. Mnauza kwa nani, na kama mnunuzi ni mmoja tu, semeni ni mmoja, kisha mseme mtafanya nini akishusha bei. Pesa itanunua nini. Itarudi vipi. Nini kinaweza kuharibika. Hicho cha mwisho wenyewe wanakiita vihatarishi, na watu hukiandika kwa kukijaza maneno, wakati nyinyi mkiulizwa barazani "mwani unakufaje?" mtajibu nusu saa bila kupumua. Andikeni hivyo hivyo mnavyojibu.

Swali lako la elimu nimekwisha kulijibu, lakini niliseme wazi. Kabla pesa haijatoka, watu watakuja. Watatoka kata, watatoka halmashauri, watakaa kwenye mkeka wenu na kuuliza: mnavuna kilo ngapi, mnauza wapi, hizi kamba mtazifunga wapi? Watamuuliza yule mama aliye kimya kuliko wote, sio wewe katibu. Andiko la kijana wa mjini linaweza kuwa na Kiswahili safi, lakini siku hiyo mtakuwa mnaulizwa habari za karatasi ambayo hamuijui. Kidato cha nne chako kinatosha. Kwa hesabu hizi, hata darasa la saba lingetosha.

Sasa tangazo la ruzuku. Umelisoma mara tano, na nadhani mara zote tano umeanza na kiasi cha pesa. Sote tunafanya hivyo. Siku nyingine anza na sehemu inayoitwa vigezo vya kustahili, kisha tarehe ya mwisho, kisha rudi juu. Hapo kuna maneno mawili yanayowafungia mlango: hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, na uzoefu wa kusimamia fedha za wafadhili. Hesabu zilizokaguliwa si daftari la mhazini lililotazamwa na mwenyekiti. Ni hesabu zilizopitiwa na mkaguzi mwenye leseni, akatoa ripoti yenye sahihi yake. Ripoti hiyo hamna. Matangazo ya namna hii mara nyingi yanawalenga walio na usajili wa shirika lisilo la kiserikali, na nyinyi ni kikundi cha uzalishaji. Hakuna cha kubadilisha jina wala kuongeza kurasa kitakachowavusha. Mwambie mwenyekiti kwa heshima zote kwamba kitabu cha alizeti akifunikie chungu.

Lakini maneno uliyoyakuta humo yafahamu, yatarudi. Andiko dhana ni hodi. Unasimama mlangoni, unasema wewe ni nani, kuna tatizo gani, unataka kufanya nini, kwa muda gani na kwa kiasi gani. Kurasa tatu wakisema tatu ni tatu. Watu wengi wanapiga hodi wakiwa wamejitwisha kitanda na makabati. Hayo ni ya baadaye, ukishaambiwa karibu, ndipo unapoandika andiko kamili la mradi. Bangokitita jina lake linatisha kuliko lenyewe. Ni jedwali pana tu. Kushoto unashuka na lengo, matokeo na shughuli. Kulia, kwa kila kimoja, unaandika utakipimaje, ushahidi utapatikana wapi, na ni jambo gani lililo nje ya uwezo wako linaloweza kukukwamisha. Kwa mwani: kufunga kamba 200 ni shughuli. Mavuno kuongezeka ni matokeo. Kilo zilizopimwa kwenye mzani ndicho kiashiria, daftari la mauzo ndilo ushahidi, na bahari kupata joto ndilo lililo nje ya uwezo wako. Wanaokosea hapa huandika "semina moja kufanyika" kwenye safu ya matokeo. Semina si matokeo. Uliyemfundisha kuanika mwani kwenye kichanja badala ya mchangani, akaanika, mnunuzi akaupokea bila kuukata bei kwa mchanga, hilo ndilo tokeo.

Kama roho zenu bado ziko kwenye ruzuku, njia ipo, si ya mlango wa mbele. Tafuteni shirika lililosajiliwa linalofanya kazi na wakulima wa mwani mkoani kwenu, muingie kama wabia au walengwa kwenye andiko lao. Lakini mwombeni bajeti yao muione kabla jina lenu halijatumika, mjue kiasi gani kitashuka hadi kwenye kamba na kiasi gani kitabaki kwenye gari na posho.

Mkopo ukipita, kuna karatasi moja zaidi ambayo hukuiuliza, nayo naiogopa kuliko zote: mkataba. Watu huutia sahihi wamesimama, kwa furaha. Kaeni chini, usomwe kwa sauti hadi mwisho, na asiyejua kusoma asikie. Tafuta siku ya rejesho la kwanza. Kama ni mwezi mmoja baada ya kupokea, na mwani unataka wiki sita, ombeni isogezwe kabla ya sahihi, kwa sababu baada ya sahihi itakuwa kulia. Tafuta pia maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Ukiyakuta ujue maana yake: kwa ule mfano wa 2,400,000, hamdaiwi 300,000 kila mmoja kisha basi. Wawili wakihamia Mombasa, sita waliobaki wanabeba deni lote, 400,000 kila mmoja, na akibaki mmoja atabeba peke yake. Kila mama ajiulize usiku kama yuko tayari kumlipia mwenzake wa kushoto. Asiye tayari aondoke sasa, pasipo uadui. Mkibaki watano bado ni kikundi.

Yule kijana msimgombeze sana, elfu themanini zimekwisha kwenda. Mkimaliza kuandika kwa mkono, mpelekeeni achape tu, na ukae pembeni yake mpaka amalize, usije ukarudishiwa ng'ombe wa maziwa.

Bamvua lijalo, kabla hamjaingia majini, hesabuni kamba moja moja na mpime kilo za kila mtu kwenye mzani mmoja. Daftari jipya, kalamu ya wino. Mkishapata namba hizo niandikie, nizione.

Shangazi